Nywila za wananchi ziko kwenye kaunta buku zangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ninaloliona kila siku ya kazi nikiwa nyuma ya meza yangu, na ambalo nina wasiwasi kwamba wanaotutangazia mafanikio ya serikali mtandao hawalioni, kwa kuwa hawajapata kukaa upande huu wa meza. Nina steshenari Kirumba, hapa Mwanza, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Nilipoifungua mwaka 2011 nilikuwa na mashine moja ya kutolea kopi, na wateja wangu walikuwa wanafunzi na makarani. Siku hizi kopi haziwezi hata kulipa kodi ya pango. Ninachofanya kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua linapozama ni kuwajazia watu fomu za serikali kwenye kompyuta: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, cheti cha kuzaliwa, maombi ya mkopo wa chuo, maombi ya kazi, usajili wa jina la biashara, na nyingine ambazo zikitangazwa redioni leo, kesho asubuhi zina foleni mlangoni kwangu.

Kwenye droo ya meza hiyo kuna kaunta buku nne. Kila mstari una jina la mtu, namba yake ya simu, anwani ya barua pepe niliyomfungulia mimi, na nywila niliyomtungia mimi. Ya kwanza imejaa, ya pili imejaa, ya tatu ilimwagikiwa chai lakini inasomeka. Sikuanza kuziandika kwa udadisi wala kwa nia mbaya. Karibu kila mfumo wa serikali unamtaka mwombaji awe na barua pepe, na mtu anayeuza dagaa Mwaloni hana barua pepe, hajapata kuihitaji katika maisha yake, na wala hataikumbuka nywila baada ya mwaka mzima atakaporudi kuhuisha leseni. "Kaka, kaa nayo wewe," huniambia, "mimi nikiondoka nayo itapotea kama ilivyopotea ile ya kwanza." Basi nakaa nayo. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja ambaye hakuajiriwa na serikali, hakula kiapo chochote cha utumishi wa umma, na hajawahi kukaguliwa na ofisa yeyote, anaweza kuingia kwenye akaunti za mamia ya wakazi wa Ilemela na Nyamagana kwa kutumia dakika mbili kwa kila mmoja. Nami si wa pekee. Mtaa wetu una steshenari nyingine tatu, na sijaona iliyokosa daftari la namna hiyo.

Isieleweke kwamba nataka turudi kwenye makaratasi. Wenye umri wangu tunakumbuka vitabu vya stakabadhi, jinsi mtu alivyotoa fedha taslimu dirishani na kuandikiwa risiti, na jinsi ambavyo hakuna aliyeweza kuapa kwamba nakala iliyobaki kitabuni ilikuwa na kiasi kilekile. Tangu mwaka 2017, serikali ilipoanza kukusanya malipo yake kupitia mfumo wa GePG, mwananchi hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, hii ambayo mtaani tunaiita kontrol namba, akalipa kwa simu au benki, na fedha zikaenda zinakotakiwa kwenda bila kupita mfukoni mwa mtu. Hayo ni maendeleo, na anayeyabeza hakuwahi kuzungushwa na karani wa miaka ile.

Sisi wa Ziwa Victoria tuna sababu nyingine ya kutoyalilia makaratasi. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka Septemba 20, 2018, karibu na Bwisya, kisiwani Ukara, kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni watu wangapi waliokuwa wamepanda. Tiketi ya kielektroniki inayogoma kuuzwa pale idadi inapotimia, na ambayo hesabu yake inahifadhiwa nchi kavu, mbali na maji, ingekuwa na thamani kuliko hotuba zote tulizosikia baada ya msiba. Kwa hiyo mimi ni mtetezi wa teknolojia hizi, tena mtetezi ninayekula kwazo.

Lakini ukiitazama mifumo yetu kwa utulivu utaona kwamba ile ya kuchukua kwa mwananchi imenyooka kuliko ile ya kumpa. Agosti 2021 kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye LUKU, yaani mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, hakuna aliyeombwa kufungua akaunti, wala kuwa na barua pepe, wala kuambatisha nakala ya kitu chochote. Ulinunua umeme, Sh1,000 ya mwezi ikakatwa. Mwaka 2023 ikawa Sh1,500. Mpangaji alikatwa kodi ya nyumba isiyo yake, akaachiwa kazi ya kuidai kwa mwenye nyumba, na hilo lina mjadala wake ambao sitaugusa hapa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba serikali ikiamua, inaweza kumfikia mama wa Igoma mwenye kitochi bila kumsumbua kwa lolote. Ujuzi huo tunao. Ila mama huyohuyo anapotaka kitu kutoka serikalini, ndipo anapoambiwa afungue akaunti, athibitishe barua pepe, apige picha yenye mandhari ya bluu, askani nyaraka zake, na azipunguze ukubwa hadi zikubalike, kwa fomu ambayo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka jana alikuja kwangu mama mmoja anayeanika dagaa. Magamba madogo yalikuwa yakimng'aa mikononi hadi kwenye viwiko, na simu yake ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Alitaka kuhuisha leseni yake. Nikafungua kaunta buku ya pili, nikaikuta nywila, nikaingiza, mfumo ukasema umetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yake. Simu haikuita. Kumbe laini iliyoandikishwa kwenye akaunti ilizama ziwani pamoja na simu ya zamani, na laini yenyewe ilikuwa imesajiliwa kwa jina la shemeji yake. Msomaji atakumbuka kwamba usajili wa laini kwa alama za vidole ulifikia ukomo wake Januari 20, 2020, na kwamba asiyekuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, siku zile aliomba ndugu amsajilie ili asizimiwe simu. Kuirudisha laini kulihitaji kidole cha shemeji, na shemeji alikuwa kisiwani Goziba akivua dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, na hapo ndipo wavuvi wanapopumzika na wengine kurudi nyumbani. Leseni ya yule mama, ambayo karani mwenye kompyuta angeishughulikia kwa robo saa, ikasubiri mwezi upevuke.

Vidole navyo vina habari yake. Mvuvi aliyevuta kamba na nyavu kwa miaka thelathini, au mama anayepara sangara kila siku, vidole vyao vimekuwa laini kama kokoto za ufukweni, na mashine haisomi kitu. Nimemshuhudia mzee mmoja akifutwa vidole kwa kitambaa, akipakwa mafuta, akiambiwa avisugue kwenye nywele, kisha mashine ikamkataa mara ya saba mbele ya wajukuu zake, naye akauliza kwa upole kama ina maana serikali haimtambui. India, ambayo mfumo wake wa Aadhaar umesajili zaidi ya watu bilioni moja kwa alama za vidole na mboni za macho, iliona tatizo hilihili kwa wafanyakazi wa mikono, na imelazimika kuweka njia mbadala kwa wale ambao vidole vyao haviwezi kusomeka. Kwetu, ambako Ziwa linalisha maelfu ya watu wa kazi za namna hiyo, mbadala haupaswi kuwa hisani ya wakala mwenye moyo mzuri.

Kisha kuna majina. Sisi Wasukuma tuna majina yenye Ng', nayo huandikwa kwa alama ile ndogo inayoning'inia juu kati ya herufi. Kuna mfumo unaoipokea alama hiyo, na kuna mfumo unaoikataa na kukuandikia kwa rangi nyekundu kwamba jina lako si sahihi. Kijana mwenye Ng' kwenye namba yake ya taifa anajikuta ana Ng bila alama kwenye mfumo mwingine, na mfumo wa tatu unapolinganisha hayo mawili unaamua kuwa hao ni watu wawili. Anaelekezwa kwa wakili, akaape kwamba yeye ni yeye, na kiapo hicho kinalipiwa. Nimeandika barua za namna hiyo nyingi kiasi kwamba ninayo moja iliyo tayari kwenye kompyuta, ninabadilisha jina tu. Mtaalamu mmoja wa programu angelimaliza jambo hili mchana mmoja, lakini angelimaliza kama angejua kwamba lipo, na kulijua kunahitaji mtu mwenye Ng' awepo mahali ambapo mfumo unajaribiwa kabla haujazinduliwa.

Kero ninayoiona kuwa haina utetezi ni ile ya serikali kumtuma mwananchi apeleke kwa serikali uthibitisho wa karatasi iliyotolewa na serikali. Mwanafunzi ana cheti chenye muhuri, taasisi moja inamtaka akihakikishe kwa taasisi nyingine iliyokitoa, analipia uhakiki, anasubiri jibu, analipakua jibu, analiprinti, analiskani na kulipakia upya. Taarifa imetoka kwenye kompyuta ya umma, ikapita kwenye printa yangu, ikarudi kwenye kompyuta ya umma, na katika safari hiyo mimi nimepata Sh3,000. Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3, ilianza mwaka 2001 kuunganisha mifumo yake kwa njia iitwayo X-Road, na imejiwekea kanuni kwamba mwananchi asiombwe taarifa ambayo serikali tayari inayo. Najua nitaambiwa kwamba Estonia ni nchi ndogo. Mkoa wa Mwanza peke yake ulihesabiwa kuwa na watu 3,699,872 katika Sensa ya mwaka 2022, hivyo ugumu wa kazi sitaubisha. Hata hivyo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, imekwisha kujenga mfumo wa GovESB kwa ajili ya taasisi kubadilishana taarifa. Bomba limelazwa. Kilichobaki ni taasisi kulazimishwa kulitumia, na kila inayoendelea kumtuma mwananchi steshenari iulizwe kwa nini haijaunganishwa.

Sasa nirudi kwenye kaunta buku zangu, maana ndizo zilizonifanya niandike. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili, aeleze anazitumia kwa kazi gani, na azilinde. Niliposoma nakala yake nilijiona ndani yake waziwazi. Namba ya taifa ya mteja wangu ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa. Ukiiunganisha na picha yake, sahihi yake, namba yake ya simu na nywila ya barua pepe yake, unaweza kufanya mambo mengi ambayo sipendi kuyaandika gazetini. Vyote hivyo vimo kwangu, vingine kwenye kaunta buku, vingine kwenye kompyuta ambayo kijana wangu wa kazi huitumia kuangalia mpira. Nilimwuliza ofisa mmoja ninayemfahamu nifanye nini, akacheka, akasema watu wa steshenari hawahesabiki. Hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu hao wasiohesabika ndio waliogeuka dirisha la serikali.

Ninachopendekeza hakihitaji kubuniwa upya, kwani tumekwisha kukifanya hapahapa. Mpango wa usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano unaosimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ambao Mwanza ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuupata, haukumtaka mama mwenye kichanga afungue akaunti. Alikwenda kliniki au ofisi ya kata, muuguzi au mtendaji akajaza, taarifa zikatumwa kwa simu, naye akaondoka na cheti bila malipo. Teknolojia ilikuwapo, lakini ilikuwa mkononi mwa mtumishi, na mwananchi aliiona kama mtu anayemwita kwa jina. Kwa nini isiwe hivyo kwa leseni ya mwanika dagaa mdogo, kwa uhakiki wa cheti, kwa marekebisho ya jina? Ofisi za kata zipo, watendaji wapo, na serikali ilionyesha katika Sensa ile kwamba inaweza kusambaza vishikwambi hadi visiwani, kabla ya kuvipeleka kwa walimu. Shirika la Posta nalo limeanzisha Vituo vya Huduma Pamoja, jambo jema, ila mtu wa Ukara avuke hadi Bugolora, apande gari hadi Nansio, kisha akae majini saa tatu na zaidi kuja mjini kwa ajili ya fomu moja, huyo hajafikishiwa huduma.

Pale ambapo kata haiwezi, turuhusiwe sisi, lakini kwa utaratibu. Rwanda ina mfumo wa Irembo ulioanza mwaka 2015, ambao pamoja na tovuti yake una mawakala wanaotambuliwa na kuwasaidia wasio na vifaa. Wakala akitambuliwa anaweza kupewa akaunti yake mwenyewe ya kumhudumia mtu bila kuijua nywila ya mtu huyo, kila anachofanya kikaandikwa kwa jina lake, na bei ikabandikwa ukutani. Mimi ninatoza Sh5,000 kwa fomu ya leseni. Jirani yangu anatoza Sh10,000 mteja akionekana mgeni. Na wote wawili hatuvunji kanuni yoyote ya bei, kwa kuwa haipo. Barua pepe nayo iondolewe kwenye masharti ya lazima. Serikali ina menyu ya *152*00# inayofanya kazi kwenye simu yoyote, hata kitochi, na kwa watu wengi wa mialoni hiyo ndiyo tovuti pekee watakayoifungua wenyewe.

Na siku mtandao unaposumbua, uwepo utaratibu ulioandikwa. Julai 2023 wadukuzi waliushambulia mfumo wa eCitizen wa Kenya, huduma zikayumba kwa siku kadhaa, na jirani zetu wakalazimika kutoa viza kwa wageni walipowasili. Walau wao walikuwa na pa kurudi. Kwetu jibu ni "njoo kesho", na mtu wa Kayenze aliyetumia nauli ya kuja mjini anaambiwa njoo kesho kana kwamba kesho haina nauli.

Wapo watakaosema kwamba najichimbia kaburi, kwani haya yakitekelezwa yote nitapoteza nusu ya wateja. Huenda. Nilikuwa nikiishi kabla ya foleni hii, nikiuza kalamu. Ila kwa sasa naomba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au Mamlaka ya Serikali Mtandao, au yeyote mwenye dhamana, anijibu kupitia gazeti hili swali moja: hizi kaunta buku nizifanye nini? Nikizichoma, wiki hiyohiyo watakuja watu na leseni zilizokwisha muda, na hakuna atakayeweza kuingia kwenye akaunti yake. Nikiendelea kuzitunza, navunja sheria niliyoisoma. Nimenunua kufuli la droo. Ya nne imebakiza kurasa kumi na moja.

Mwenye steshenari,
Kirumba, Mwanza
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa mhariri)